Pundamilia wa Kona ya Mtiki

Pang Mon, 9 Novemba

Kwa mpwa wangu Saengda, huko Trang,

Mimi mjomba wako Noi Inta nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, nimeyamaliza malori matatu ya magogo, nimemlilia tembo mmoja wa kampuni aliyekuwa akinijua kwa sauti, na msitu mzima wa mitiki ambao wakubwa walisema hautaisha, umeisha nikiuangalia. Mimi nipo. Meno yamebaki sita, na hayo sita yanafanya kazi ya thelathini.

Huku hatujambo. Baridi imeshuka, asubuhi tunaota moto. Kuku wangu mwekundu anataga kila siku isipokuwa siku ya Buddha, sijui nani alimfundisha. Mwanao Fai hajambo? Ana miaka kumi na miwili sasa, na hajawahi hata mara moja kunimwagia maji ya mwaka mpya mikononi. Nasema tu.

Usiniambie nipige simu. Simu ni ya Mama Thongsai, mkuu wetu wa kijiji, na ukiongea nayo kijiji kizima kinaitikia. Herufi nilifundishwa hekaluni kwa msimu mmoja wa mvua, nyingine nilijifundisha kwa kusoma migongo ya malori. Zinatosha.

Sasa neno lenyewe. Serikali inatoa ruzuku kwa vijiji vyenye barabara mbaya. Mama Thongsai ametusomea tangazo. Pesa zenyewe zinatoka kwenye mnada wa namba za bahati za magari: tajiri wa Bangkok ananunua namba yenye tisa nne ili asife, na pesa yake inaletwa huku ili tusife sisi. Nimeipenda hiyo. Wanataka andiko la mradi. Hospitali yako mwaka jana iliandika la kwake ikapata, na ni wewe uliyeshika kalamu. Basi uniandikie na mimi.

Waambie hivi: Kona ya Mtiki imekula watu. Waambie kila anayenusurika pale, na kila anayefiwa, huleta pundamilia wa plasta kwenye kibanda cha roho, kwa sababu michirizi ya kuvukia barabara huitwa pundamilia, na roho wa barabara anampenda mnyama huyo. Wamefika mia sita na kumi na wawili. Nimewahesabu mwenyewe, kwani mimi ndiye mlinzi wao. Mnyama mwenyewe sijapata kumwona akiwa hai. Wanasema yuko Afrika, anakimbizana na simba. Sijui kama huko kwao nako humweka kibandani.

Lakini hawa wetu ni wadogo, na ajali haziishi. Kwa hiyo tunaomba ruzuku ya pundamilia mmoja wa saruji, mrefu kuliko lango la hekalu, macho yake taa. Hakuna kijiji chenye kitu kama hicho. Andika kwa maneno makubwa.

Mjomba wako,
Noi Inta


Trang, 24 Novemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naunganisha viganja kutoka huku mbali. Mimi na Fai tu wazima. Mvua ya kusini bado inanyesha, wagema mpira wamekaa bure barazani wanacheza drafti, na paa letu linavuja juu ya kitanda cha Fai, kwa hiyo tunalala pamoja na ananipiga mateke. Amekua, mjomba. Viatu vyangu vinambana.

Nimefurahi kupata barua yako, ingawa karani wa posta aliniuliza kama ni ramani.

Kuhusu andiko. Nimeipata fomu. Haina nafasi ya pundamilia wa saruji. Inauliza mambo matatu: ajali zinatokea wapi hasa, chanzo chake ni nini, na jamii yenyewe itachangia nini kwa mikono yake. Ukijibu la pili vibaya, hawasomi la tatu. Mwisho wa kupokea ni tarehe ishirini na tano Januari.

Nakuomba kitu kimoja. Chukua kigoda, ukae konani siku tano, saa za watu kutoka sokoni. Kila atakayefunga breki kwa kushtuka, andika alitoka upande gani na alishtukia wapi. Usiandike unachofikiri. Andika unachoona.

Pamoja na barua hii utapokea kifurushi. Ni helmeti. Usicheke. Hapa hospitalini kazi yangu ni kuandika kitabu cha majeruhi, na nimechoka kuuliza, "Alikuwa amevaa?" Ivae.

Habari ya kuja Songkran, mwaka mpya wetu wa Aprili, tutaona. Kazi ni nyingi siku zile.

Mpwa wako,
Saengda


Pang Mon, 12 Desemba

Saengda,

Hatujambo. Mke wa mwalimu amejifungua mapacha, na mwalimu anatembea kama aliyepigwa na gogo. Karani wako wa posta mwambie hiyo ramani imemfikia aliyetumiwa, basi anyamaze.

Kifurushi kimefika. Nimekishangaa. Nimeendesha lori la magurudumu kumi miaka thelathini na minane, milima yote ya kaskazini, breki zikiwa zimekufa na bila ya taa, wala sikukwaruza hata kioo. Leo nivalishwe bakuli? Lakini zawadi ya mpwa haitupwi. Kuku mwekundu ameipenda. Anatagia humo, mayai hayavunjiki. Kwa hiyo ni kweli, kitu hicho kinalinda.

Nimekaa siku tano kama ulivyoamuru, watu wakinipita wakiniuliza, "Babu Inta, unauza nini leo?" Nikawajibu nauza akili, nao hawana cha kununulia. Walioshtuka ni kumi na mmoja. Wote walitoka sokoni. Wote walishtukia mahali pamoja, pale wanapotokeza kutoka mgongoni mwa pundamilia. Kumi na mmoja wote! Ni wazi kabisa, roho mwenyewe anakaa hapo. Chanzo tumekipata. Andika: roho, pamoja na madereva wa tambarare wasiojua milima.

Mun naye ananiunga mkono. Unamkumbuka Mun, aliyekuwa turniboi wangu, sasa ana meza pale konani anauza hao pundamilia. Anasema akipata kazi ya kumfinyanga huyo mkubwa atatupunguzia bei. Mun kupunguza bei! Hii peke yake ni muujiza wa roho.

Neno moja. Mtu wa ofisi akitaja kuwagusa wale wadogo, mkatalie. Wasiguswe. Wa kwanza aliwekwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu yake. Basi.

Hukusema utakuja.

Noi Inta


Trang, 28 Desemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Fai amekuwa wa tatu darasani. Paa limezibwa. Wape hongera wazazi wa mapacha.

Kesho zinaanza zile siku saba za hatari za mwaka mpya wa Januari, na hapa hospitalini tumeshapanga vitanda hadi kwenye korido. Kwa hiyo naandika kwa haraka, na unisamehe kama nitaongea bila adabu.

Nimeisoma hesabu yako mara tatu. Ni hesabu nzuri kuliko za maofisa wengi. Sasa nijibu, wewe mwenyewe, siyo Mun. Hao mia sita wamepangwa upande gani wa kona, wa ndani au wa nje? Wamepandishwa safu ngapi? Na mtu aliyekaa juu ya pikipiki, akitoka sokoni, anaona nini mbele yake kabla hajakata kona?

Fai anauliza kama kuku anaweza kuhamishwa kwenye kikapu.

Sitaki kuandika "roho" kwenye fomu, mjomba. Sisemi hawapo. Nasema hawafungi breki.

Saengda


Pang Mon, 9 Januari

Saengda,

Tu wazima. Mkono una kazi nyingine siku hizi, kwa hiyo nafupisha.

Upande wa ndani. Safu saba.

Andika kwenye fomu: chanzo ni pundamilia.

N. I.


Trang, 17 Januari

Mjomba,

Shikamoo, na pole, na nimekasirika.

Huo ni mkono wako wa kushoto. Nilipoona tu herufi zimelala kama walevi nilijua. Nikapiga simu kwa Mama Thongsai. Akaniambia, "Mzee hajambo, ana shughuli." Nikamwambia, "Mama, mimi naandika kitabu cha majeruhi, usinidanganye mimi." Akacheka, kisha akalia, kisha akaniambia yote: bega, mbavu mbili, siku tano wodini. Nikakaa chini sakafuni mbele ya watu.

Unanificha nini, na kwa nini? Unadhani mimi ni wa kuambiwa baada ya maiti yako kuchomwa?

Fomu nimeituma jana. Kwenye chanzo nimeandika: "Sadaka tulizoweka kwa ajili ya wafu wetu zinawazuia walio hai kuona barabara." Nimeomba kilima cha upande wa ndani wa kona kisawazishwe, kioo cha kona, matuta madogo ya kuamsha madereva, taa, na hema la kizuizi cha kijiji, la kusimamisha walevi siku za Songkran. Mchango wa jamii nimeandika: kuhamisha kibanda cha roho na pundamilia wote kwa mikono yao wenyewe, kwa heshima zote. Nimewaahidi kwa jina lako. Kama hukubali, una siku nane za kuniambia niiondoe.

Na sasa uniandikie ilivyokuwa. Hata kama ni kwa mguu.

Saengda


Pang Mon, 2 Februari

Mpwa wangu Saengda,

Hatujambo, na safari hii ni kweli. Bega linapona. Wote wawili, mapacha, wanalia kwa zamu. Siku nane zimepita na sikukuambia uondoe kitu. Ujue hilo ni jibu.

Haya, ilikuwa hivi. Tarehe tatu Januari nilitoka sokoni na pikipiki yangu ya kitoroli, nimebeba kabichi. Polepole. Nilikuwa ninafikiria swali lako, maana lilikuwa limeniingia kama mchanga kwenye jicho. Nikasema, leo nitatazama, nimwandikie huyo mtoto mkaidi kwamba naona kila kitu. Nikafika konani, nikatazama. Niliona pundamilia. Safu saba za pundamilia. Barabara sikuiona. Halafu pikapu ikazaliwa kutoka tumboni mwao.

Nilijikuta mtaroni, kabichi zimenizunguka kama watu wa msibani, na pundamilia mmoja amenikalia kifuani. Mun akaja mbio.

"Inta! Umekufa?"

"Bado."

"Basi usimvunje huyo, ana mwenyewe."

"Mun, ukiniletea biashara hapa nitakufa kwa makusudi ili wakulaumu."

Akashuka mtaroni kunishika. Nikamwambia, "Ngoja. Inuka kidogo hapo hapo, macho yako yawe kama ya mtu wa pikipiki. Unaona nini?"

"Naona pundamilia."

"Na gari?"

"Gari gani?" Wakati huo lori la mahindi linatupita hatua nne kutoka puani. Mun akakaa chini ndani ya maji ya mtaro. Mimi nimemjua Mun miaka sitini, sijapata kumwona akisahau kuangalia meza yake.

Helmeti nilikuwa nimeivaa. Usiniulize sana. Siku ya mwaka mpya Mama Thongsai alisema mzee aliyekaa kigodani kuhesabu wenzake naye ajihesabu. Nikamwondoa kuku, nikampa kikapu kama alivyosema Fai. Kichwa kilinuka manyoya. Helmeti yenyewe imepasuka kutoka sikio hadi sikio. Daktari, kijana tu, aliigeuzageuza akaniuliza, "Babu, nani alikununulia hii?" Nikasema ni mpwa wangu. Akasema, "Mfikishie salamu zangu." Ndizo hizo.

Sasa lile jingine. Mkono wa kushoto unaandika polepole, labda ndiyo maana unaweza kusema.

Aliyeweka wa kwanza ni mimi. Nilimweka kwa ajili ya mumeo. Siku ile ya Songkran nyumba ilikuwa imejaa watu, barafu ikaisha, na ni mimi, mbele ya wote, nikiwa nimelewa na kujifanya bwana wa sherehe, niliyepaza sauti, "Wirat! Barafu!" Kijana mtiifu. Aliweka glasi chini akaenda, na kona haikumrudisha. Miaka kumi na moja naisikia sauti yangu. Nilipokuona umehamia kusini nilijua sababu, na sikuweza kukuomba urudi.

Baada ya maziko nikanunua pundamilia kwa Mun. Alinipa mwenye kasoro, sikio limevunjika, kwa sababu sikuwa na uwezo wa mzima. Nikamweka pale. Watu wakaona, wakaleta wao. Nikafurahi, nikajiita mlinzi. Mwaka juzi wakafa wawili pale pale, ndugu wa kijiji cha Ban Don, nasi tukaongeza pundamilia kumi na mmoja. Nani aliyewafichia barabara wale vijana? Nimekaa na jambo hilo wodini siku tano.

Hamisheni wote. Nimesema mimi mlinzi.

Noi Inta


Trang, 20 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Tu wazima. Nilianza barua hii mara nne. Tatu ziko kwenye jiko.

Hukuua mtu siku ile. Sikiliza.

Ulipoita, Wirat alikuwa karibu nami, nimembeba Fai. Alikuwa ameshachukua helmeti yake kwenye msumari. Alikuwa nayo mkononi, mjomba. Mimi ndiye niliyemwambia, "Ya nini hiyo, si ni hapo tu? Nenda upesi kabla mjomba hajaanza kuimba." Akacheka. Akairudisha kwenye msumari.

Nilipotoka kwenda kusini sikuwa nakukimbia wewe. Nilikuwa naukimbia ule msumari. Kila siku nauliza watu, "Alikuwa amevaa?" na kila siku najiuliza mimi. Na wewe muda wote huo umekaa huko na barafu yako! Watu wazima wawili, kila mmoja na mzigo wake, tukiandikiana habari za kuku.

Nimelia sana, halafu nikala wali sahani mbili. Fai aliniuliza kuna nini. Nikamwambia babu yake amepona.

Ofisi ya mkoa imeandika kwamba mkaguzi atakuja kwenu mwezi ujao. Usimwambie kuhusu yule wa saruji.

Mpwa wako,
Saengda


Pang Mon, 21 Machi

Mpwa wangu,

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka mfukoni, nikaenda kuuondoa ule msumari. Ulikuwa umeota kutu, umekaza. Nimeuondoa kwa koleo. Tusiongee tena habari hiyo. Wala mimi siimbi vibaya.

Habari njema: mkaguzi alikuja. Bibi mmoja mwembamba, miwani, viatu vya kujikwaa. Tulikuwa tumempikia kuku (siyo mwekundu) na wali wa kunata. Hakula kwanza. Alisimama mbele ya watu wote akiwa na andiko mkononi, akauliza, "Hili nani ameandika?"

Mama Thongsai akanionyesha kwa kidevu. Nikasimama. Nikasema, "Nimesema mimi, ameandika mpwa wangu."

Akasema, "Mzee, nimesoma maandiko mia tatu. Wote wanaandika ulevi, mwendo kasi, bahati mbaya. Nyie ndio wa kwanza kuandika kwamba chanzo ni nyie wenyewe."

Nikamwambia, "Sisi huwa wa kwanza kwa kila kitu." Watu wakacheka, naye akacheka, ndipo akala.

Ruzuku tumepewa. Siyo pesa za kujenga daraja, lakini kila ulichoomba kimo. Mkandarasi ameanza kukata kilima.

Ila kuhamisha haikuwa rahisi. Siku yenyewe ilipofika, watu wamejipanga, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushika sadaka ya mwingine. Wengine walinong'ona kwamba roho watatufuata nyumbani. Mama mmoja wa Ban Don, mama wa wale ndugu wawili, alisimama mbele ya pundamilia wa wanawe akasema hatoki. Hakuna aliyemsogelea. Mtawa mkuu wetu, aliyekuja kusoma dua, akaketi naye chini kwenye vumbi. Akamwambia, "Mama, wafu hawapandi pikipiki. Wa kwako anayepanda sasa ni nani?"

Akasema, "Binti yangu. Anatoka sokoni saa kumi."

"Atapita hapa?"

Yule mama akainuka, akawachukua wa wanawe, mmoja kila kwapa, akavuka nao barabara. Wa kwanza. Tukamfuata wote. Mkono kwa mkono, kutoka konani hadi shamba la ng'ambo ya mtaro, tangu asubuhi hadi mchana. Kibanda kikatangulia na uvumba. Sasa wamesimama shambani kama kundi linalolisha, wanatazama barabara, wala hawaizibi.

Walikuwa mia sita na kumi na wanne. Nilidhani nimekosea kuhesabu. Mun akakiri aliongeza wawili ili wateja waone kundi linakua. Sasa anauza helmeti kwenye meza ile ile, na anasema ni wazo lake.

Mmoja tu hatukumhamisha. Nimewaambia wamwache, mwenyewe yuko njiani. Sijui kama nimesema uongo.

Noi Inta


Trang, 2 Aprili

Mjomba,

Hukusema uongo. Tumepata likizo. Basi litatuacha mjini tarehe kumi na mbili, kutoka hapo tutajua wenyewe. Fai ameniambia atakumwagia maji kuanzia kichwani, kwa miaka yote kumi na miwili. Leta taulo.

Saengda


Pang Mon, 25 Aprili

Kwa mpwa wangu Saengda, na kwa Fai,

Nimepata kadi yenu kwamba mmefika salama na paa halijavuja. Kuku mwekundu anamtafuta Fai. Maji bado yako sikioni mwangu.

Bibi mkaguzi anataka taarifa ya siku saba za Songkran, ya maandishi, na Mama Thongsai anasema niiandike mimi kwa kuwa nilikuwa mkuu wa kizuizi. Nakutumia uisafishe. Usiondoe mahali ninapojisifu. Ndiyo sehemu ya kweli.

Taarifa. Hema tulilisimamisha tarehe kumi na moja, chini ya kioo kipya. Tulikuwa wazee wanane na akina mama sita, kwa zamu. Mlevi akija tunamketisha, anapewa wali na maji, na mama yake anaitwa. Hiyo ya kuitiwa mama ni kali kuliko polisi. Tuliita akina mama kumi na saba. Mmoja wa walevi alikuwa na miaka hamsini na nne, na mama yake alikuja na ufagio.

Tarehe kumi na mbili, alasiri, ikaja pikipiki kutoka sokoni, watu wawili. Niliiona tangu mbali, tangu kwenye daraja, kwa sababu sasa mtu anaona hadi kule. Wote wawili wamevaa helmeti zimewafunika uso. Ikapunguza mwendo kwenye matuta, ikasimama penye kona yenyewe. Haikusogea. Nikaenda na bendera yangu.

"Shuka," nikasema. "Kuna tatizo gani?"

Dereva akanijibu kutoka ndani ya helmeti, "Hakuna, mzee. Natazama tu. Mtu anaona hadi nyumbani kwenu."

"Na zamani hukuona?"

"Zamani sikutazama."

Unasema sikukujua. Nilikujua. Nilikuwa natekeleza kazi. Yule mdogo wa nyuma akasema, "Mama, huyu ndiye babu wa kuku?" Hapo bendera ikaniponyoka, kwa sababu ya upepo. Andika: upepo.

Halafu ukavua helmeti, ukaenda mwenyewe pale alipobaki yule mmoja, mwenye sikio lililovunjika. Ukamfuta vumbi kwa kanga ya kiunoni mwako. Ulimwambia kitu, na mimi sikusikia, maana nilikuwa nasimamisha magari pande zote mbili ili mpite. Magari manne yalisubiri. Hakuna aliyepiga honi. Ukavuka naye, Fai ameshika mkia, mkamweka shambani kati ya wenzake. Niliporuhusu magari kupita, bendera nilikuwa nimeishika kichwa chini. Mimi, wa magurudumu kumi.

Hiyo ndiyo taarifa. Siku saba Kona ya Mtiki: waliokufa, hakuna. Waliovunjika, hakuna. Aliyeanguka ni Mun, kutoka kwenye kiti chake mwenyewe, amesinzia.

Ofisini watasema mzee huyu anajisifu, ushahidi uko wapi. Basi waandikie. Anajua Mama Thongsai, aliyeandika kila gari kwenye daftari. Anajua mtawa mkuu, ambaye haruhusiwi kusema uongo. Anajua mama wa Ban Don, ambaye binti yake alipita konani mara kumi na nne, mama akihesabu. Anajua Mun, ingawa huyo wamwulize akiwa macho. Wewe na Fai msitajwe, ushahidi wa ndugu haukubaliki. Na wakiwa bado hawaamini, waje wapite wenyewe, kwa mwendo wautakao chini ya thelathini. Watafika.

Mjomba wako,
Noi Inta wa Pang Mon